Goti limepona, au limenyamazishwa?

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Shinyanga, nina miaka 36 na watoto watatu. Naomba unisome hadi mwisho, maana nyumbani nimechoka kulieleza jambo hili na wao wamechoka kulisikia.

Baiskeli nimeipanda tangu darasa la tatu, kwenda kuchota maji na kupeleka mahindi mashineni, kama wasichana wengi wa huku kwetu. Mbio nimezianza ukubwani. Miaka minne iliyopita nilijiunga na kundi la wanawake linalofanya mazoezi Jumamosi alfajiri. Tunatoka saa kumi na moja, malori yakiwa bado machache, tunaelekea Tinde na kurudi. Katikati ya wiki najiibia saa moja ya jioni nikishafunga kibanda. Mwaka jana nilishika nafasi ya nne kwenye mbio za wanawake. Zawadi ile niliiongezea akiba nikanunua mashine ya ovaloki, na ndiyo ninayoitumia hadi leo. Na yale mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, tuliyatazama kwenye simu ya mwenzetu mmoja tukiwa tumebanana watu saba. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kufanya mazoezi kwa bidii kuliko mwanzo.

Februari nilinunua baiskeli ya mashindano ya mtumba kutoka Mwanza. Aprili tukiwa kwenye mbio, barabara bado ina unyevu wa mvua ya usiku, tairi langu la mbele liligusa la nyuma la dada aliyenitangulia. Nikaangukia goti la kulia. Hospitali walinipiga picha, wakasema mfupa ni mzima, wakanipa vidonge na kuniambia nipumzike wiki mbili.

Nikapumzika, baiskeli sikuigusa. Nikarudi Jumamosi na wenzangu, na hatujafika Tinde goti likaanza kuuma kwa mbele, kuizunguka pia yake, kama mtu anasaga mchanga ndani. Nikapumzika wiki tatu. Nikarudi, yale yale. Mwishoni mwa Mei nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kabla ya kutoka, nikaenda na kurudi vizuri kabisa, lakini usiku sikulala kwa maumivu. Mwezi huu wa Juni sijaendesha hata siku moja. Nashona tu sare, maana shule zinafunguliwa Julai na kazi imejaa, nakaa kwenye cherehani ya miguu tangu asubuhi hadi usiku. Nilitegemea goti lipone, kumbe ndiyo kwanza linazidi! Nikiinuka lazima nishike meza. Ngazi za benki nazishuka upande upande. Halivimbi, halikwami, na asubuhi huwa na nafuu.

Katikati ya Agosti kuna mbio za kilomita 80 kwa wanawake. Kocha wetu anasema mchezaji haumwi, anachoka tu, na anatutolea mfano wa mwendesha baiskeli Vingegaard, aliyevunjika mifupa na bado akakimbia Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa. Mume wangu anasema niiuze baiskeli. Si mtu mbaya, tairi za mwaka jana alizinunua yeye. Lakini siku ile ndiye aliyenipokea nikiwa na damu hadi kwenye kiatu, na tangu hapo hataki kuiona.

Na jambo jingine, Mama, sijamwambia mtu. Tangu nianguke naogopa. Siti nimeishusha mpaka miguu yote miwili inafika chini nikiwa nimekaa, ili nikitetereka nijizuie.

Niende Agosti? Nikimeza dawa kwa siku ile moja tu kuna ubaya? Au mume wangu ana haki, niiuze?

Fundi wa Sare, Shinyanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na majibu, maana najua una kazi mezani. Agosti usishindane. Vidonge usimeze kwa ajili ya kuendesha, hata kwa siku moja. Baiskeli usiiuze.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na magoti niliyoyashika siwezi kuyahesabu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nikapiga mstari mahali pawili ambapo wewe umepapita haraka: siti uliyoishusha, na sare za shule. Kocha wako hajui habari ya siti, na hospitali hawakukuuliza unafanya kazi gani. Nadhani goti lako linasumbuliwa na hayo mawili kuliko linavyosumbuliwa na ile ajali ya Aprili.

Kaa kwenye kigoda chako, weka kiganja juu ya goti la kulia, kisha unyooshe mguu taratibu na kuukunja. Utaisikia pia ya goti ikiteleza chini ya mkono. Inateleza ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Mguu ukiwa umenyooka, pia imelegea, unaweza hata kuisogeza kwa vidole. Kadiri unavyolikunja goti huku likibeba kazi, ndivyo pia inavyokandamizwa kwenye mfupa. Ndiyo maana unaumia kushuka ngazi, ndiyo maana unaumia kuinuka baada ya kukaa sana, na ndiyo maana asubuhi, baada ya kulala umenyoosha miguu usiku kucha, unapata nafuu. Aina hii ya maumivu tunaiona sana kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli, na kwa wanawake zaidi kuliko wanaume.

Sasa itazame baiskeli yako. Siti ikiwa chini, kila pedeli inapopanda juu goti linakunjwa kupita kiasi, na linakunjwa hivyo wakati ule ule unapolitaka lisukume. Kwa saa moja hiyo ni mara elfu nne au tano. Ukishuka kwenye baiskeli unakwenda kukaa kwenye cherehani, goti limekunjwa tena, kutwa. Ulipopumzika Juni uliipumzisha baiskeli tu, mwanangu. Goti lilikuwa kazini.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kwa uzito. Barua haina mikono, siwezi kulishika goti lako kutoka huku. Picha ya eksirei huonesha mfupa, haioneshi kano wala gegedu. Mtu akiangukia goti lililokunjwa, kuna kano iliyo ndani, kwa nyuma, ambayo huweza kuvutika au kuchanika bila picha hiyo kuonesha lolote. Kwa hiyo nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha fiziotherapia, uombe goti lipimwe kwa mkono. Nusu saa inatosha. Na siku yoyote likivimba, likikwama katikati ya kukunja, likikuachia ghafla ukiwa unatembea, au likikuuma usiku ukiwa umetulia, usisubiri jibu la mwandishi wa safu.

Wakikuambia kano ni nzima, tunaanza na siti. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino cha mguu wa kulia juu ya pedeli, zungusha hadi pedeli ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke na kiuno kisiyumbe kuufuata. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo pa kuanzia. Usipande hadi hapo kwa siku moja. Chora mstari kwa chaki yako ya kushonea kwenye bomba la siti mahali lilipo sasa, kisha uipandishe nusu sentimita, uendeshe siku mbili tatu, uipandishe tena. Tepu unayo shingoni kutwa: pima kutoka katikati ya mhimili unaozunguka pedeli hadi juu ya siti, na uandike kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umepita kiasi, rudi chini kidogo. Baiskeli ya mtumba ilipimwa kwa miguu ya mtu mwingine, kama gauni la mtumba. Wewe mwenyewe usingemruhusu mteja avae gauni bila kulipunguza kiuno.

Najua unachowaza: siti ikipanda, miguu haifiki chini. Ni kweli, na haitakiwi ifike. Wenye siti sahihi, wakitaka kusimama, huteleza mbele ya siti na kuweka mguu mmoja chini huku mwingine ukibaki kwenye pedeli. Hilo ni jambo la kufundishwa, na kwa wewe uliyezoea baiskeli kubwa ya kubebea mahindi, ni la jioni mbili. Nenda kwenye uwanja wa shule wenye nyasi, kusiwe na watazamaji, usimame na kuondoka mara hamsini. Usione aibu kwa kuogopa. Mtu aliyeangushwa na tairi la mwenzake halafu asiogope, mimi ndiye ningemshangaa. Hofu yako imekufanya ufanye jambo la akili, kujisogeza karibu na ardhi, isipokuwa goti ndilo linalolipa. Baadaye, goti likitulia, mwombe mwenzako mmoja muende tena pale kwenye nyasi, mwendo wa kutembea, mfundishane kukaa nyuma ya tairi kwa kupishana kidogo kando, macho yakitazama mabega ya aliye mbele, yasigande kwenye tairi lake.

Cherehani ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu inalisha watoto. Tafuta kigoda kirefu zaidi, au weka mto mgumu, ili goti lisikunjwe sana. Kanyagio la cherehani ulitumie kwa miguu yote miwili, na wa kushoto ndio uongoze. Kila ukimaliza shati moja, inuka, nyoosha miguu, tembea hadi mlangoni na kurudi. Shati moja, siyo matano. Kama kibanda kina umeme, kuna mota ndogo zinazofungwa kwenye cherehani za kawaida. Iwapo una fedha uliyotenga kwa ajili ya kiingilio na safari ya Agosti, ningeielekeza huko. Na vifungo na pindo, kazi za mkononi, zifanye ukiwa umekaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele.

Kuhusu kupumzika. Uliambiwa wiki mbili, ukatii, na sikulaumu. Kwa siku za kwanza, goti likiwa jekundu na limevimba, ilikuwa sawa. Lakini msuli wa paja huanza kusinyaa mapema sana ukiachwa bila kazi, na msuli huo ndio unaoishika pia ya goti. Umelipumzisha hadi likadhoofika, kisha Jumamosi moja ukalibebesha safari nzima ya Tinde, likauma, ukalipumzisha tena likadhoofika zaidi. Mara tatu umezunguka hapo hapo.

Linahitaji kazi ndogo iliyopimwa. Mara tatu kwa wiki, kaa ukingoni mwa benchi, mikono kifuani, uinuke kwa kuhesabu tatu na ukae kwa kuhesabu tatu, mara kumi, upumzike, urudie mara mbili. Benchi likikuuma anza na refu zaidi. Kisha lala ubavu wa kushoto, mguu wa kulia umenyooka, uuinue taratibu kwa kutanguliza kisigino, mara kumi na mbili, ubadilishe ubavu. Huo ni wa nyonga. Watu hushangaa ninapowapa mazoezi ya nyonga kwa ugonjwa wa goti, lakini nyonga ikilegea paja huingia ndani kila unaposukuma pedeli, na pia ya goti huvutwa nje ya njia yake. Mwambie binti yako akutazame kwa mbele ukiendesha. Kama goti la kulia linaelekea kwenye bomba la baiskeli, ndiyo hiyo.

Maumivu yape alama, sifuri hadi kumi. Ikifika tatu na asubuhi ya kesho imerudi ilipokuwa, umefanya kazi sahihi. Ikipita tatu, au ukaamka nayo, umezidisha, punguza. Usiisubiri sifuri ndipo uanze.

Baiskeli yenyewe, wiki ya kwanza ni dakika 30, siku tatu, kwenye tambarare, gia nyepesi. Hesabu mguu wa kulia unaposhuka: kwa sekunde 15 uhesabu 20 au 22. Wengi wenu mliokulia kwenye baiskeli za mizigo mnasukuma gia nzito taratibu, mnakanyaga kama mnapanda ngazi. Nguvu mnayo, lakini kila kanyagio moja linaligharimu goti. Ongeza dakika kabla ya kuongeza vilima, na vilima kabla ya kuongeza kasi. Jumamosi watoke bila wewe kwa wiki kadhaa, kwa sababu ukiwa ndani ya kundi hutaendesha mwendo wako, utaendesha wa mwenye nguvu kuliko wote. Magoti ya namna hii huchukua wiki 6 hadi 12 za kazi ya uaminifu. Sasa hesabu mwenyewe hadi katikati ya Agosti.

Vidonge. Ulipomeza ile diklofenaki ukaenda na kurudi vizuri, goti liliumia vile vile, ila hukusikia. Usiku ndipo lilipokuambia. Lakini kinachonitisha zaidi ni figo. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mtu anayeendesha kilomita 80 juani, jasho linamtoka na maji hayamtoshi, figo zake tayari zimebanwa. Ongeza hapo kwamba umeimeza alfajiri tumbo likiwa tupu, na vidonda vya tumbo navyo vinakaribishwa. Nimewahi kumwona kijana wa miaka 22 akifikishwa hospitali baada ya mbio akiwa anakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Alipona, ila sikusahau uso wa mama yake.

Kocha wako mpe salamu zangu, umwambie mfano wake ni wa kweli lakini haujaisha. Vingegaard alianguka tarehe 4 Aprili 2024 kwenye mbio za Nchi ya Basque, mtulinga na mbavu zikavunjika, pafu likatoboka. Mwisho wa Juni alianza Tour, akamaliza wa pili. Katikati hapo alilala hospitali siku 12, kisha hakushiriki mbio hata moja hadi Tour yenyewe. Ana madaktari, ana mpishi, na hakuna sare 60 zinazomsubiri. Aongeze na mfano wa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mshindi wa Tour mara 4. Juni 2019 alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi mashindanoni Februari 2020, lakini mguu ulioumia ulibaki dhaifu kuliko mwenzake, na hakushinda tena. Ndiyo maana kabla hujarudi kwenye mbio nataka uipime miguu yako mmoja mmoja: inuka kwenye benchi kwa mguu mmoja, uhesabu. Siku wa kulia utakapofikia idadi ya wa kushoto, ukashuka ngazi za benki ukitazama mbele, na Jumamosi tatu mfululizo ukaamka kesho yake bila alama kupanda, jiandikishe mbio zozote uzitakazo.

Kuhusu baba watoto. Mwanaume aliyenunua tairi, kisha akakupokea una damu kwenye kiatu, simwoni kama adui wa mchezo wako. Hajawahi kupewa nafasi ya kufanya chochote zaidi ya kuogopa. Siku ya kupima siti mwombe yeye ndiye aishike baiskeli ukutani, wewe ukiwa juu. Mwoneshe mstari wa chaki. Mwambie habari ya siti uliyoishusha na sababu yake, maana hilo la kuogopa umeniambia mimi nisiyekujua kabla ya kumwambia yeye, na nadhani ndilo alilokuwa akilisubiri. Mwambie pia kwamba Agosti hushindani. Utaona kama neno la kuuza litarudi.

Siku ya mbio nenda. Najua itakuuma kusimama kando, na sitakudanganya kwamba haitauma. Kundi lenu linahitaji mtu wa kuwapa maji njiani anayejua kuikabidhi chupa kwa mwendaji wa kasi bila kumwangusha, na wewe umeshakaa upande wa pili wa chupa hiyo. Simama palipo na mwinuko kidogo, wanapopunguza mwendo.

Wiki ya mwisho ya Agosti niandikie. Nataka kujua mstari wa chaki umefika wapi, na unainuka mara ngapi kwa mguu wa kulia.